Lori la Chisense

Basi la Nchelenge huondoka mji wa Mansa, Zambia, alfajiri, na anayetaka kuuona mto lazima awahi kiti cha kushoto. Barabara inaingia bonde la Luapula na kulifuata kuelekea kaskazini, na kwa sehemu kubwa ya mwendo huo vijiji havikatiki: nyumba za matofali ya kuchoma, mihogo iliyoanikwa juu ya mikeka, shule, kanisa, kantemba, kibanda cha sabuni na vocha, kisha nyumba tena. Kushoto, nyuma ya matete, ni mto. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Tulipopita Mambilima, ambako maji yanaporomoka juu ya mawe, Kiswahili kilianza kusikika ndani ya basi. Kilitoka kwa akina mama wenye ndoo tupu waliokuwa wakienda ziwani kununua chisense. Kilikuwa Kiswahili cha Katanga, chenye "batu" na "bintu", na katikati ya sentensi kiliingia Kibemba na kurudi bila kupiga hodi.

Kilichonipeleka huko ni kriketi. Mwezi Julai 2025, katika mkutano wake wa mwaka uliofanyika Singapore, Baraza la Kimataifa la Kriketi liliipokea tena Zambia, nchi ambayo mwaka 2021 ilivuliwa uanachama. Kwangu ilikuwa habari kubwa. Nimekulia Upanga, Dar es Salaam, jirani na viwanja ambako watoto wa shule hucheza kriketi Jumamosi hadi giza liingie, na wazee wa mtaani kwetu hawakuchoka kusimulia mwaka 1975. Mwaka huo, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume la mchezo huo, lililofanyika Uingereza, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilipeleka timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Kutoka kwetu walikwenda Praful Mehta na Shiraz Sumar. Kutoka Zambia, Yunus Badat na Hamish McLeod. Kutoka Uganda, Samuel Walusimbi na John Nagenda, yule mwandishi aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni. Walicheza mechi tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza, wakashindwa zote. New Zealand iliwaacha kwa mikimbio 181. Wazee wetu hawakuwahi kuisimulia kwa aibu. Walisimulia kwamba nchi nne ziliwahi kuingia uwanjani zikiwa timu moja, na Zambia ilikuwa mwenzetu.

Basi nilitaka kuona mchezo huo umefika wapi Zambia, ukiacha Lusaka na miji ya shaba. Nikachagua kona ya mbali na reli, ufukwe wa Ziwa Mweru, mwezi Oktoba, wakati jua ni kali na mvua bado.

Nchelenge ndiko ziliko ofisi za wilaya. Kashikishi, iliyoshikana nayo, ndiko kuna soko, hospitali ya misheni ya St. Paul's, na samaki. Ukiteremka kutoka barabarani kwenda ufukweni, harufu ya samaki inakupokea kabla hujaliona ziwa. Chisense, dagaa mdogo wa maji haya, amemwagwa kwenye mchanga eneo lote, anang'aa kama bati jipya, na wanawake wanapita katikati yake wakimgeuza kwa mafagio. Huvuliwa usiku kwa taa, hukaushwa mchana kwa jua, na kufikia jioni yuko ndani ya magunia. Magunia hayo huenda Mansa, huenda miji ya shaba, huvuka kwenda Lubumbashi.

Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,100 na urefu wa kilomita 130 hivi. Halina kina kirefu, ndiyo maana upepo ukianza tu mawimbi yake yanasimama, mafupi na makali, na wavuvi wa mitumbwi hawalifanyii mzaha. Luapula unaingia kusini. Maji yanatokea kaskazini, Pweto, kwa mto Luvua. Mpaka wa nchi mbili umepita majini. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia; mji wa Kilwa, ufukwe wa magharibi, ni wa Kongo. Kiswahili si kigeni hapa: Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867, alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyefuata njia za msafara kutoka pwani na kukaa huko miaka mingi.

Mwalimu wa michezo wa shule niliyoelekezwa nilimkuta uwanjani, ameinama na debe la majivu, anachora mstari wa pembeni. Wanafunzi wanamwita ba ticha, nami nikamwita hivyo. Nilimsalimu kwa Kibemba changu kidogo, mulishani mukwai, akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Mama yake, alisema, aliuza samaki Kongo tangu yeye hajaanza shule, na mtoto wa mchuuzi hujifunza lugha ya wateja.

Nikamuuliza kuhusu kriketi.

"Tunaijua, mukwai," alisema, "tunaiona kwenye simu. Gongo la kuchezea halijafika hapa. Lakini kesho Mantapala wanakuja kucheza mpira na sisi. Njoo utazame."

Nimelitafakari jibu lake tangu siku ile. Kriketi iliingia nchi hii kupitia klabu: za wakoloni, kisha za wafanyabiashara wenye asili ya India, katika miji iliyoota kandokando ya reli. Ilihitaji nyasi zilizokatwa, magongo, kinga za miguu, na alasiri nzima isiyo na kazi. Luapula iko mbali na reli. Kilichokuwepo huku ni wanaume waliokwenda kuchimba shaba Katanga na upande wa Rhodesia ya Kaskazini, wakarudi likizo na mavazi, redio, na mchezo ambao mtoto yeyote angeweza kuuendeleza kesho yake kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Mpira wa namna hiyo watoto wa Zambia wanauita chimpombwa, na kila kiwanja nilichopita njiani kilikuwa na mmoja unaokimbizwa. Sikuhuzunika kuikosa kriketi. Nilichokuja kutafuta, yaani watoto wa shule mbili wanaopambana kwa kanuni walizokubaliana, kilikuwa mbele yangu kinachorewa mistari.

Majivu yenyewe yalitoka kwenye majiko ya kubanikia samaki. Nyavu za magoli zilikuwa nyavu za kuvulia zilizochakaa, zimefungwa kwenye miti ya mkaratusi. Niliviangalia vitu hivyo viwili, nikaanza kuelewa mechi hii inasimama juu ya nini.

Mantapala ni makazi ya wakimbizi ndani ya wilaya hii hii ya Nchelenge, mbali na ziwa, kwenye barabara ya vumbi. Kuanzia Agosti 2017, watu wa mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao kutoka eneo la Pweto, walivuka mpaka wakikimbia wanamgambo na mapigano. Walipokewa kwanza kwenye kituo cha Kenani. Mwanzoni mwa 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, kila kaya ikapewa kiwanja cha kujenga na kulima. Kwa wenyeji wa Luapula haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 2000 kulikuwa na kambi ya Kala huko Kawambwa na ya Mwange huko Mporokoso, zikafungwa baada ya wengi kurejea kwao. Haikupita miaka kumi, barabara zile zile zikajaa tena. Tofauti ya Mantapala, nayo nadhani ni ya maana, ni kwamba shule hazikutengwa: mtoto wa Mkongo na mtoto wa Mzambia kutoka vijiji vya jirani wanakaa dawati moja. Kwa hiyo timu iliyokuwa ikisubiriwa haikuwa timu ya wakimbizi. Ilikuwa timu ya shule, na baadhi ya wachezaji wake babu zao wamezikwa Nchelenge.

Kesho yake saa nane mchana walitakiwa wawe wamefika. Hawakufika. Vijana wa Kashikishi, wenye umri usiozidi miaka 15, walikuwa wamekwishapasha misuli mara mbili na kurudi kivulini. Wasichana, waliomaliza netiboli yao mapema, walikalia mstari wa kati na kutangaza kwamba kama wavulana hawachezi basi wao watacheza. Mmoja alivaa fulana yenye jina la Barbra Banda, nyota wa soka ya wanawake wa Zambia, mgongoni, limeandikwa kwa kalamu ya wino. Ba ticha alikuwa akizungumza kwenye simu, anakwenda na kurudi.

Tatizo lilikuwa usafiri. Shule ya Mantapala haina gari. Lori lililoahidiwa na mtu mmoja lilikuwa limekwenda kubeba mahindi. Aliyeokoa siku ni mama mmoja mfanyabiashara wa chisense, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, ambaye kila mtu alimwita ba mayo, yaani mama. Alikuwa amekodi lori la kupeleka magunia yake Kitwe usiku ule. Ba ticha alimfuata sokoni, nami nikafuatana naye.

"Lori naondoka nalo saa mbili usiku," alisema ba mayo bila kuacha kupima. "Sasa ni saa nane. Kalichukueni, mwende mkawalete wale watoto. Dereva mtampa chakula. Na jioni mtawarudisha, halafu lori linarudi hapa kupakia. Likichelewa, ba ticha, utabeba magunia wewe na darasa lako."

"Na mafuta, mayo?"

Aliweka sahani ya kupimia chini, akafungua kitenge kiunoni, akahesabu noti. Alipozitoa alinitazama mimi mgeni, akaniambia kwa Kiswahili: "Mutoto wangu wa mwisho anacheza namba saba. Nitafanya nini?"

Maneno yake yaliniingia. Kuna mtu mashuhuri wa mpira katika eneo hili lote ambaye chanzo chake ni samaki wa maji haya haya. Moïse Katumbi, rais wa TP Mazembe tangu 1997, alizaliwa Kashobwe, kando ya Luapula upande wa Kongo, mwaka 1964. Baba yake, Nissim Soriano, Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, alikuwa na biashara ya samaki, na mwana naye alianza huko huko. Wagiriki na watu wa Rhodes walinunua samaki wa Luapula na Mweru na kuwapeleka kwenye migodi ya Élisabethville, siku hizi Lubumbashi, miongo mingi kabla hajazaliwa. Chini ya Katumbi, Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan mabao 3–0. Mzambia Rainford Kalaba aling'ara pale kwa miaka mingi. Stoppila Sunzu, aliyepiga penalti iliyoipa Zambia Kombe la Afrika huko Libreville tarehe 12 Februari 2012, naye alikuwa mchezaji wa Mazembe. Fedha za samaki zilipanda mto na kuwa mpira wa mabilioni. Hapa Kashikishi fedha hizo hizo, noti chache zilizofungwa kwenye kitenge, zinabeba watoto wa shule. Katumbi ameandikwa sana. Ba mayo hajaandikwa popote, na ndiye hasa niliyetaka msomaji amjue.

Lori lilirudi saa kumi kasoro, watoto wamesimama nyuma wanaimba, wameshikana mabega. Walishuka wakinuka samaki kuanzia nywele hadi vidole, wenyeji wao wakacheka, nao wakacheka. Kisha ikatokea jambo ambalo sikuliona kwenye mechi yoyote ya vijana nyumbani. Manahodha wawili walikutana katikati pamoja na mwamuzi. Upande mmoja ulikuwa na viatu sita, upande mwingine vinne. Walizungumza kidogo, wakageuka kila mmoja kwa wenzake, na viatu vyote kumi vikavuliwa na kupangwa nje ya mstari. Hakuna mwalimu aliyewaambia.

Upepo ulikuwa unatoka kusini mashariki, unaelekea ziwani. Kashikishi walianza nao mgongoni. Dakika ya sita au ya saba, namba saba, yule kitindamimba wa ba mayo, mwembamba na mwepesi, alipokea mpira pembeni kabisa kwenye mchanga laini ambako hakuna anayependa kucheza, akamzunguka beki kwa bega, akapiga krosi ya chini. Mshambuliaji wao alifika kwanza. Bao. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walisimama na sindano zao mkononi. Ba mayo hakuwepo, alikuwa akifunga magunia, lakini kelele zilimfikia. Mtoto mmoja alikimbia mpaka sokoni kumpa habari na kurudi akitafuna kitumbua.

Mantapala hawakutetereka, na hiyo ilikuwa kazi ya kipa wao. Kijana wa miaka 14 hivi, si mrefu, alizungumza tangu filimbi ya kwanza. "Rudi nyuma! Iko mutu kushoto! Muache, muache, wangu!" Mabeki wake wawili, Wazambia wa vijiji vya Mantapala, walimjibu kwa Kibemba na kusimama pale pale alipotaka wasimame. Kiungo wao mrefu alidai faulo kwa mwamuzi kwa Kiingereza cha darasani, akakataliwa, akalalamika kwa mwenzake kwa Kifaransa. Yule kipa alianza shule kwa Kifaransa, akaingia Mantapala akafundishwa kusoma Kibemba, sasa anafanya mitihani kwa Kiingereza. Nilimuuliza baadaye alijifunzia wapi kudaka. "Hapa, Papa," alisema. "Kule nilikuwa mutoto sana."

Kabla ya mapumziko walisawazisha. Kona ilipigwa dhidi ya upepo, mpira ukakatishwa na kuanguka fupi kuliko kila mtu alivyotarajia, na yule kiungo mrefu akauchokonoa kwa kidole gumba cha mguu. Moja kwa moja.

Wakati wa mapumziko walikunywa maji ya ndoo na kula mihogo ya kuchemsha. Nilikaa na wachezaji wa Mantapala. Wawili walivaa fulana nyeusi na nyeupe za Mazembe zenye mamba amebeba mpira mdomoni, zimenunuliwa kwenye salaula, yaani mitumba, na wakaniuliza kama Tanzania watu wanaijua Mazembe. Niliwaambia Simba na Yanga wanaijua vizuri sana. Hapo wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyewahi kuuona uwanja wa Lubumbashi kwa macho.

Upande wa pili kulikuwa na jambo zito zaidi. Mfungaji wa Kashikishi alikuwa amejikunyata chini ya mti, anatetemeka katika joto la Oktoba. Mwamuzi wa mechi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alifungua mkoba wake, akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, akatazama saa yake ile ile ya kuamulia mechi. Mapumziko yakarefushwa. Robo saa baadaye mistari miwili ilionekana.

Hakuna aliyeshangaa. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria kali kuliko zote Zambia. Mbu anayeieneza zaidi hapa, Anopheles funestus, hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na kingo za ziwa hili na mabwawa yake ni hayo tu, mwaka mzima. Watafiti wameweka kambi ya miaka mingi, vyandarua vimegawiwa, nyumba zimepulizwa dawa, na bado ugonjwa haujang'oka. Nilipokuwa nikitembea ufukweni asubuhi yake niliona chandarua kimeanikwa pamoja na nyavu, kina magamba ya samaki. Nawaelewa wanaofanya hivyo, kwa sababu njaa ya leo ina sauti kubwa kuliko homa ya kesho. Lakini matundu yale madogo yanazoa vifaranga wa samaki, na mtoto aliyetakiwa kulala chini yake anaumwa na mbu. Kijana yule alilipa pande zote mbili. Alipakizwa kwenye baiskeli, akapelekwa St. Paul's. Mwamuzi alimwandikia karatasi, akanawa mikono, akapuliza filimbi ya kipindi cha pili.

Kashikishi walimwingiza mdogo wa darasa la tano, mfupi kuliko wote uwanjani. Hawakuwa na mwingine; wakubwa wawili walikuwa wamekwenda na baba zao kwenye kambi za uvuvi. Ba ticha alinieleza kwamba miezi hii ndiyo mibaya kwa mahudhurio. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia ili samaki wazaliane, na kila familia hujitahidi kuvuna inachoweza kabla ya tarehe hiyo. Daftari lake la mahudhurio na daftari la soko, alisema, yanasomeka kwa pamoja: chisense wakipanda bei, madawati yanabaki wazi.

Kipindi cha pili kilichezwa jua likiwa machoni mwa kipa wa Mantapala, maana magharibi ni ziwa tupu na halina mti wa kuzuia mwanga. Mantapala, wakisukumwa na upepo, walishambulia kwa mawimbi. Mfupi wa darasa la tano alinishangaza: alisoma mchezo. Alikuwa akisimama mahali mpira utakapofika, wala si mahali ulipo, na mara mbili aliwapokonya wakubwa mpira bila kuwagusa. Nimewatazama vijana wa kriketi miaka mingi. Anayenasa mpira mgumu ni yule anayeanza kusogea kabla haujapigwa. Kipaji ni hicho hicho. Kama gongo litafika Kashikishi siku moja, na sasa kwa kuwa Zambia imerudi kwenye baraza naomba lifike, wampe mtoto yule.

Zikiwa zimebaki dakika chache, kipa wa Mantapala aliurusha mpira mbali kwa mkono, chini chini, ukakatisha uwanja mzima wa kushoto. Winga wao aliukimbilia sambamba na mstari wa majivu, akaingia ndani, akapiga. Mpira ulimgonga beki, ukabadili njia, ukajaa kwenye wavu wa kuvulia. Wavu ukakatika kamba ya juu na kuwafunika kipa na beki pamoja, wakawa wanahangaika ndani yake huku pande zote mbili zikija kuwafungua. Mbili kwa moja. Ndivyo ilivyokwisha.

Namba saba alilia, kwa hasira, bila kujificha. Kiungo mrefu wa Mantapala alikaa naye chini, wakaanza kuchorana mchangani: ungepita hapa, mimi ningekuja hapa. Wengine walikuwa wakivaa viatu na kutafuta nani kachukua cha nani. Wasichana wakaingia uwanjani mara moja na mpira wao, hawakungoja ruhusa, na winga wa Mantapala akaombwa na fulana ya Barbra Banda akae golini. Alikaa.

Ba mayo alikuja wakati lori linapakia watoto, mikono imejaa chumvi na magamba. Alimtazama mwanawe, akamfuta uso kwa kitenge, hakusema neno. Kisha akamgeukia ba ticha.

"Marudiano ni lini?"

"Wanataka twende kwao, mayo. Mantapala."

"Kabla ya Desemba," alisema. "Ziwa likifungwa sina lori, sina hela, usije kuniuliza."

Ba ticha na mwalimu wa Mantapala walianza kuhesabu Jumamosi zilizobaki kwenye vidole. Moja ina mitihani, nyingine ina harusi ya mwalimu mkuu wa upande wa pili, nyingine ina ziara ya askofu. Kipa wa Mantapala, amening'inia pembeni ya lori, alipiga kelele kwamba wao wako tayari hata siku ya mitihani, akanyamazishwa. Hatimaye wakapata Jumamosi ya katikati ya Novemba. Ba mayo alikubali kutoa nusu ya mafuta. Nusu nyingine, alisema, itoke kwa wanawake wenzake watatu wenye watoto kwenye timu, na yeye mwenyewe atakwenda kuwaona. Aliniangalia.

"Na wewe wa Dar es Salaam?"

Nilitoa changu. Alizihesabu noti mbele yangu, akaziweka pamoja na nyingine kiunoni, akamwambia dereva saa mbili haiko mbali na magunia bado yako chini.